Moshi Unaokusubiri Kibondo

Odeta mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko uani unapiga pasi zile sare za mwisho, na kila ukimaliza shati moja unakohoa. Si kikohozi cha mafua. Unakohoa halafu unakimeza, ili mama asisikie. Mama amesikia. Nimekwambia tangu mchana umwachie mdogo wako hiyo pasi ya mkaa, ukanijibu "sawa mama," ile sawa yako ya kunifukuza.

Kesho asubuhi Filberti anakuja kukuchukua. Ndoa ilishafungwa, watu walikula wakashiba, yeye akatangulia Kibondo, wewe ukabaki umalize kushona nguo za watoto wa shule ulizokuwa umeahidi. Tangu hapo kila anayepita mlangoni anakuachia mafundisho. Mama mchungaji amekufundisha kuamka kabla ya mumeo. Jirani amekufundisha namna ya kumnyamazisha mume mwenye hasira. Mama yako mdogo Anastazia amekufundisha mambo ambayo nilitoka nje yasinifikie masikioni. Kwa hiyo mimi sitakueleza habari za chumvi wala za wageni. Nina jambo moja tu. Nikitaka kulisema, mdomo unanigeuka, naanza kukuuliza kama umefunga begi. Umeshanijibu mpaka umechoka kwamba begi limefungwa. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Naogopa jiko la huko uendako.

Usicheke. Najua mnavyonisema na baba yako, kwamba mimi naota majiko hata usingizini. Lakini wewe umesomeshwa na udongo, mwanangu. Tangu ukiwa mdogo umeniona nikiondoka na mwiko, kishindilio na gunia la majivu, kwenda Titye, kwenda Kagerankanda, kukarabati nyumba za watu za zamani, zile za matofali mabichi ambazo bati lilikuja baadaye. Sakafu imechimbika mpaka kuku wanaogea vumbi sebuleni. Jiko ni mafiga matatu katikati ya chumba, ukuta mweusi, na mama mwenye nyumba ana macho mekundu kama aliyefiwa jana. Nabandua udongo uliochoka, nashindilia, naleta udongo wa kichuguu, nasiriba kwa samadi na majivu, kisha nafinyanga jiko lenye dohani ya kutoa moshi nje. Nimeingia jikoni mwa wanawake wengi kuliko mchungaji wetu. Na kila nikiingia, kitu cha kwanza natazama juu. Masizi huniambia watoto wa nyumba ile wanakohoa kiasi gani, kabla sijawaona.

Nyumba ya Mama Filberti sijaitazama juu. Kwetu mama wa binti hakanyagi ukweni mpaka aitwe kumwona mjukuu, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kuvunja hilo. Nilimtegemea Anastazia, aliyekwenda na wazee siku ya mahari. Aliporudi nilimkalisha hata kabla hajavua viatu.

"Nyumba ya kizamani, dada, kubwa, imetulia," akasema. "Na kuku walitupikia, si mchezo."

"Jiko liko wapi?"

"Ndani. Yoo, na ule ugali ulivyokuwa wa moto!"

"Ndani wapi, Anastazia? Kuna dirisha?"

"Lilikuwepo. Wameliziba kwa matofali, wezi waliwahi kupita hapo. Mafiga yako katikati, kama ya mama yetu zamani. Nilitoka mle machozi yananitiririka, wao wakadhani namlilia Odeta. Wakanipa pole, nami nikaipokea."

Alicheka sana. Nami nilicheka, halafu nikaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yangu. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa vipande vipande. Baba yako anasema nimezidi, kwamba hakuna binti wa Kasulu aliyewahi kufa kwa kupika. Baba yako ni mtu mzuri, lakini hajawahi kupuliza moto wa kuni mbichi wakati wa masika.

Na kinachonimaliza kabisa ni hiki: huko hakuna anayejua kwamba una pumu. Hata Filberti mwenyewe. Wale wa Titye waliokuja kuposa kabla yake tuliwaambia ukweli. Wakasema wanakwenda kushauriana, wakala kona. Baadaye tukasikia wamesema utawazalia watoto wa kifua kibovu. Ulilia siku zile mpaka nikaogopa kilio chenyewe ndicho kitakachokubana. Basi Filberti alipokuja, ukanivuta nyuma ya kanisa ukanishika mikono yote miwili. "Mama, safari hii usiseme. Nitamwambia mwenyewe tukishazoeana." Nikakubali. Nikaona ni haki yako. Ila juzi nilikuona unapanga begi. Ile dawa yako ya kuvuta umeitia ndani ya soksi, soksi ndani ya kanga, kanga umeilaza chini kabisa. Odeta, mtu aliyekatika pumzi anapata wapi muda wa kufungua kanga?

Sasa nataka nikusimulie habari ya mafiga ya bibi yako. Unaijua. Shangazi yako huisimulia kila Krismasi mpaka watu wanashika mbavu. Lakini yeye huisimulia kwa nje, na huishia pale panapochekesha. Mimi ndiye niliyekuwa na jembe mkononi.

Nilikuwa bado mgeni katika nyumba hii, kabla haijapata sura unayoijua. Bibi yako Daforoza, mama yake baba yako, alikuwa amekwenda Kibondo kumwona kaka yake. Baba yako alikuwa amehamia shambani kulinda mahindi. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya majiko banifu waliyotupa wanawake pale kanisani, na mikono ilikuwa inaniwasha. Nikasema, mama mkwe wangu akirudi akute maajabu. Nikaingia jikoni mwake na jembe.

Mafiga yalikuwa mazito. Yalikuwa mawe matatu aliyowekewa na mama mkwe wake siku alipoingia kama bibi harusi, na tangu siku hiyo hayakuwahi kuguswa ila na moto. Nikayang'oa. Nikayaviringisha mpaka nje, nikayasugua masizi, nikayapanga vizuri pembeni ya njia yapigwe na jua. Niliona huo ni usafi.

Wewe umezaliwa hapa, lakini umekulia kwenye majiko yangu ya udongo, kwa hiyo labda hili hukulipata vizuri. Kwa watu wetu, tangu huko walikotoka kabla ya kuvuka mpaka kuja Kasulu, mafiga hutolewa nje siku moja tu. Ni siku mwanamke mwenye jiko amefariki. Anayepita akiyaona nje haulizi. Nami nililijua hilo tangu utoto wangu. Lakini siku ile sikuona mafiga, niliona mawe yananizuia kazi.

Bibi kizee mmoja jirani alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akaitua, akashika kichwa. "Yoo! Daforoza! Daforoza wee, umetuachia nani!"

Nilidhani ni nyoka. Nikatoka mbio, matope yamenifika kwenye viwiko na mengine usoni, na yule bibi aliponiona vile akajua nimejipaka udongo kwa msiba. Akanikumbatia. Nikamwambia hajafa, mama hajafa, yuko Kibondo. Akanipigapiga mgongoni. "Ndivyo inavyoanza, mwana wanje, mwanangu. Mwanzoni mtu hukataa." Kufikia mchana wanawake walikuwa wamejaa uani wamekaa chini, na wanaume wanabishana kaburi lichimbwe upande gani. Kila nikisema hajafa, wanazidi kunihurumia. Mwishowe mmoja mwenye simu akapiga Kibondo kutoa pole. Kaka yake akapokea. "Daforoza yupi? Huyu anayekula viazi hapa mbele yangu?" Simu ikapewa mwenyewe, akasalimu "amahoro," na yule mwanamume wa watu akaiachia ikaanguka.

Shangazi yako huishia hapo. Wote mnacheka, nami nacheka nanyi.

Kilichofuata si cha kuchekesha. Bibi alirudi kesho yake. Baadhi ya majirani walikuwa bado wapo, wanamtazama kwa wizi kama wanaotaka kuhakikisha. Hakumsalimia mtu. Alisimama mbele ya mafiga yake, kibegi chake bado kiko mkononi, akayatazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, bila hasira kabisa, "Mukazana wanje, mkwe wangu, umenizika nami nikiona." Akaenda kulala kwa jirani. Hakukubali kulala ndani mpaka mafiga yaliporudi, na kila moja alinionyesha mwenyewe likae wapi na lielekee wapi. Jiko langu jipya lilikuwa halijakauka. Likabaki pembeni. Kwa hiyo katika chumba kile kimoja tukawa na majiko mawili, yeye anapika kwake na mimi kwangu, tumepeana migongo.

Watu hudhani kosa langu ni kuyatoa yale mawe. Kosa langu kubwa lilianza baada ya hapo. Niliaibika kiasi kwamba nilijiapia sitafungua tena mdomo kuhusu jiko la yule mama. Nikasema hiyo ndiyo heshima. Ulikuwa woga tu.

Ndipo ukazaliwa wewe. Bibi alikupenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, nadhani hata kuliko baba yako. Alikufunga mgongoni asubuhi mpaka jioni, na akiinama kupuliza moto, nawe unainama naye. Ukaanza kukohoa ukiwa hujajua hata kukaa. Usiku kifua chako kilikuwa kinapiga mluzi, mimi nasikiliza. Mchana nasimama kwenye mlango wa jiko, nakuona mgongoni kwake ndani ya ule moshi, macho umeyafumba, na maneno yote yapo hapa mdomoni. Naanza, namwita mama mkwe kwa lugha yetu: "Mabukwe..." Anageuka kunitazama. Namaliza: "Nikuongezee kuni?"

Kuni, Odeta! Nilikuwa namletea kuni.

Siku moja mvua inanyesha mchana, nikakuta midomo yako imebadilika rangi. Baba yako akatupakia kwenye baiskeli, mimi nimekuweka kifuani chini ya nailoni, Bibi anakimbia nyuma kwenye tope bila viatu. Hospitali wakakuwekea hewa. Muuguzi akashika karatasi akaniuliza, "Nyumbani mnapikia wapi, ndani au nje?"

"Nje," nikasema.

Bibi alikuwa ameshika miguu yako. Akaniangalia. Mimi nikajiona nimemstiri. Tulipotoka kukaa kwenye benchi, maji yanatutiririka, akaniuliza, "Kwa nini umesema nje?"

"Nilikuheshimu, mabukwe."

Akakamua maji kwenye upindo wa kitenge. Kisha akasema, "Ungeniambia." Akajifuta uso kwa kitenge. "Hata siku ile ya mafiga. Sikuumia kwa sababu uliyatoa. Niliumia kwa sababu hukuniambia. Mimi ni mtu wa kuambiwa, si wa kukutwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka ile yote nilikuwa namwogopa mtu ambaye sijawahi kumuuliza.

Tuliporudi nyumbani na wewe, hakungoja. Alimwita yule bibi jirani, yule wa ndoo, akamkalisha uani kwenye kigoda. "Kaa hapa unitazame. Leo mafiga yanatoka na mimi natembea nayo, usije ukapiga yowe." Akayatoa mwenyewe, moja moja, akakataa msaada wangu, akayapanga chini ya kibanda cha bati tulichokisimamisha nyuma. Jirani alipiga makofi. Sijui kama kuna mwanamke mwingine hapa Kasulu aliyewahi kufanya vile kabla yake. Wa kumuiga alichukua muda kupatikana.

Halafu tukakarabati sakafu pamoja, mimi na yeye. Pale mafiga yalipokaa udongo ulikuwa mwekundu na mkavu, unamomonyoka ukiugusa. Mimi nilitaka kuusiriba juu kwa juu tumalize. Akanizuia. Akasema udongo uliokaa chini ya moto haushiki tena kitu, ukiuficha utapasuka pale pale. Tukauchimba wote mpaka tukakuta ulio mzima, tukashindilia safu kwa safu, tukaufunika magunia mabichi ili usikauke kwa pupa. Hiyo ndiyo kazi iliyonipatia jina baadaye, na sikuipata kwenye mafunzo.

Sikudanganyi kwamba mambo yalinyooka. Moshi ulipotoka ndani, dumuzi wakaingia kwenye mbegu za mahindi tulizokuwa tunaning'iniza juu ya moto, na mchwa wakapanda kwenye fito. Nyumba ikawa baridi, nawe unajua baridi ya huku kwetu asubuhi za kiangazi. Bibi alinung'unika kila siku ya Mungu, alininyooshea kidole kila akiona punje imetobolewa, mpaka tulipojifunza kuzihifadhi kwa majivu. Nilimsikiliza. Manung'uniko nayaweza, ni kimya ndicho kilichonishinda.

Na kifua chako hakikurudi. Daktari mmoja alisema huenda ni moshi, mwingine akasema wengine huzaliwa hivyo na nisijitese. Sijui. Mimi najua tu kwamba ulikuwa mle ndani na mimi nilikuwa mlangoni.

Kwa hiyo unaona mahali ninapokwama leo. Nusu yangu inataka kukwambia: usiguse mafiga ya Mama Filberti. Usisogeze hata kijiti. Hata kazini kwangu, mtu ameniita mwenyewe na malipo ameahidi, nikifika sigusi kitu. Naomba maji, nakaa chini, namwacha mama wa nyumba anionyeshe jiko lake kama anavyoonyesha mtoto. Nikiona kidirisha kimezibwa namuuliza nani alikiziba, na kwa nini. Mara nyingi kuna kisa. Huko kwenu kuna kisa cha wezi, na mama aliyewahi kuingiliwa na wezi huwezi kumwendea siku ya pili na nyundo ukamwambia afungue dirisha.

Nusu nyingine inataka kupiga kelele. Maana bibi harusi hukaa jikoni na mama mkwe wiki zile za kwanza, akipikishwa mpaka ruhusa itoke awe na jiko lake, na wewe huwezi kukaa katika chumba kile hata kwa muda wa kuchemsha maharage. Utaanza kukohoa na kumeza, kama unavyofanya sasa hivi hapo uani. Watadhani una aibu. Utatabasamu. Nakujua, wewe ni mtoto wangu, utasimama mle ndani unaona giza, na mama mkwe akigeuka utamuuliza kama umwongezee kuni.

Wote waliokuaga wiki hii wamekwambia uvumilie. Nimewahesabu moyoni, hakuna aliyelisahau neno hilo. Vumilia mume akichelewa, vumilia mawifi, vumilia maneno. Hayo sawa, hata mimi nilivumilia na wengine walinivumilia. Lakini pumzi haivumiliwi. Ikianza kukata, acha chungu, acha mwiko, toka nje, hata kama mzee yeyote anakuita, hata kama mchungaji yupo anaombea chakula. Adabu utairudia baadaye.

Ila nimeona kwamba hata hilo halitoshi. Mtu anayetoka mbio jikoni bila kueleza ni mwenye kiburi, na mtu anayejieleza akiwa hana pumzi hasikiki. Nililizungusha kichwani tangu Jumapili. Na leo asubuhi, ulipokwenda kupeleka sare za kwanza, nimempigia simu Mama Filberti.

Kaa chini kwanza, kama umesimama.

"Amahoro, Mama Filberti."

"Amahoro, Mama Odeta. Mwana ameshajiandaa? Huku tumeshafagia mpaka barabarani."

Alikuwa na furaha. Hiyo ndiyo iliyonikata maini, ile furaha yake. Nikasema, "Nina neno la kukwambia, na nimechelewa kulisema. Odeta ana pumu. Tangu utotoni. Moshi unambana mpaka anakatika pumzi, na sisi tumewahi kukaribia kumpoteza."

Nilisikia mbuzi upande wake.

"Wazee walipokuja, mbona hamkusema?"

"Tuliogopa mtamwacha."

"Na sasa hamliogopi tena hilo?"

"Naogopa. Ila nimeogopa lile jingine zaidi."

"Filberti anajua?"

"Hajui. Binti alitaka amwambie mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshindwa kungoja, yeye hajui kama nimepiga."

Nilitaka kuongeza maneno, nimsifu jiko lake, nimwambie habari za dohani, nimwambie nitakuja kulijenga bila malipo akiniruhusu. Nikaubana ulimi. Kisha akasema, "Nimesikia." Simu ikakatika.

Sijui ameikata au ni mtandao. Nimepiga tena na tena, haipatikani. "Nimesikia" ile nimeigeuza kila upande tangu asubuhi. Dakika moja naisikia kama ya mama mwenzangu, nyingine naisikia kama ya wale wa Titye. Nimewaza kwamba kesho gari linakuja na Filberti ana uso mwingine. Nimewaza kwamba gari haliji. Baba yako sijamwambia, atasema nimeharibu ndoa ya mtoto kwa mdomo wangu, na huenda ni kweli.

Barua hii nakupa jioni hii kabla ya chakula, nami nitakaa hapo hapo uisome nikikutazama. Sitaki uijue habari hii barabarani, wala uisome usoni mwa mumeo kabla hujaijua. Una usiku mzima wa kumpigia Filberti, ukamwambia kwa sauti yako kabla hajaambiwa kwa sauti ya mama yake. Kama umechelewa, mwambie hivyo hivyo.

Uliniomba kitu kimoja, nikakuahidi, na nimekivunja kabla hujatoka mlangoni. Sitajitetea. Ukitaka, kesho usiniage. Panda gari bila kugeuka, waambie watu mama yako hana kifua cha kuficha neno, watakuamini. Nikasirikie mpaka uzae, na ukizaa usiniite kumwona mtoto. Yote hayo nitayabeba. Ila nikasirikie ukiwa unapumua.

Mama yako